Gesi Isiyonuka na Kifaa Kinachoinusa

Leo nataka tuzungumze juu ya hewa ya ndani ya nyumba, na hasa juu ya kifaa kidogo cheupe ambacho baadhi yenu mmekiona madukani mjini au kwenye simu. Wengi mmeniuliza, “Sista, hiki kitu kinafanya kazi kweli, ama ni biashara ya watu tu?” Kifaa chenyewe ni kengele ya gesi ya sumu. Hubandikwa ukutani, na hewa ya nyumba ikiingia sumu, hulia kwa sauti kali hata kama mmelala.

Jibu langu ni kwamba kinafanya kazi, lakini si kila kifaa, na si kwa kila jambo. Kwa hivyo vuta kiti, punguza moto chini ya sufuria, tusikilizane.

Tuanze na gesi yenyewe. Inaitwa kaboni monoksaidi. Hutokea wakati wowote kitu kinapochomeka bila kupata hewa ya kutosha: makaa, kuni, mafuta taa, mavi ya ng’ombe, hata jenereta ya petroli. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho wala koo. Ndiyo maana ni hatari kuliko moshi. Moshi utakukohoza, utatokwa na machozi, utatoka nje mwenyewe. Hii haikuambii lolote.

Hapa kuna jambo ambalo akina mama wengi wanalielewa kinyume. Tukiwasha jiko la makaa, tunaliweka nje mlangoni mpaka moshi uishe. Makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, tunasema sasa jiko ni safi, tunaliingiza ndani lipashe nyumba joto. Kumbe moshi ndio uliokwisha, gesi bado. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi mpaka yazimike, na ukiyafunika majivu ili yakae mpaka asubuhi, hewa inayoyafikia inapungua, hatari inabaki. Jiko la kisasa lenye udongo ndani, ambalo limeenea Kenya tangu miaka ya 1980, linapunguza makaa unayotumia, na hilo ni jambo zuri kwa mfuko wako. Lakini makaa ni makaa. Halikufanyi uweze kulala nalo.

Wenzetu wa Limuru, Kinangop, Nyahururu na Molo wanaijua baridi ya mwezi wa Juni mpaka Agosti. Nyumba ni ya mabati, upepo unapenya, mama ana mtoto wa wiki tatu. Anaziba matundu kwa magunia na magazeti, anafunga dirisha, anaweka jiko karibu na kitanda. Kila anachofanya ni kwa upendo. Na kila anachofanya kinaizuia gesi isitoke. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimo chumbani mwako kabisa.

Sasa, inaua vipi? Damu yetu ina kitu chekundu kinachoitwa himoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Fikiria matatu. Oksijeni ni abiria anayepanda na kushuka. Kaboni monoksaidi ni abiria anayepanda matatu ile ile, lakini anakishika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hashuki. Kidogo kidogo viti vyote vinajaa abiria asiyeshuka. Matatu bado inatembea, damu bado inazunguka, mtu bado anapumua, lakini ubongo haupati kitu.

Ndiyo maana dalili zake zinafanana na za magonjwa mengine. Kichwa kinauma. Kizunguzungu. Kichefuchefu, pengine kutapika. Miguu inakosa nguvu. Mtu anasinzia, anasema maneno yasiyoeleweka, kisha anazimia. Mtoto mdogo hawezi kukuambia kichwa kinaniuma. Yeye atalialia, atakataa kunyonya, atalegea. Watoto hupumua haraka kuliko sisi, kwa hivyo huathirika mapema. Na mama mjamzito asikie hili vizuri: gesi hii hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na damu ya mtoto huishika zaidi na kuiachilia polepole kuliko damu ya mama. Mama anaweza kuwa amepata nafuu wakati mtoto bado yuko taabani.

Niwasimulie kisa kimoja. Asubuhi moja ya Julai waliletwa kituoni mama na watoto wawili, wote wanatapika, wote wamelegea. Jirani aliyewaleta alisema ni chakula, labda omena ya jana. Tuliwawekea kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu. Kikasoma 98 kwa mama, 97 kwa mtoto mkubwa. Namba nzuri kabisa! Lakini palikuwa na mtoto wa tatu, kijana wa darasa la sita, amesimama mlangoni mzima kama kawaida. Alikuwa amekula omena ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu: yeye alilala kwa nyanyake, hao wengine walilala na jiko.

Nimewaeleza kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, ukiona watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa na kutapika kwa pamoja, hawana homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, usifikirie chakula peke yake. Mwambie daktari au muuguzi mlilala na jiko. Usione haya, neno hilo moja linaweza kuokoa maisha. Pili, kile kifaa cha kidoleni, ambacho siku hizi watu wengine wanacho hata nyumbani tangu ule ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, hakiwezi kuitambua sumu hii. Kinapima kwa kupitisha mwanga kwenye kidole na kuangalia wekundu wa damu. Damu iliyobeba kaboni monoksaidi nayo ni nyekundu vizuri, kwa hivyo kifaa kinadanganyika na kuihesabu kama ina oksijeni. Kuna mashine nyingine ya hospitali inayoweza kuzitenganisha, lakini haipatikani kila mahali. Wale watatu wetu walipewa oksijeni safi kwa barakoa na kupelekwa hospitali kubwa, na walirudi nyumbani wazima.

Oksijeni ndiyo dawa. Mtu akiachwa apumue hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyo kwenye damu huchukua kama saa nne hadi tano kutoka. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi kama saa moja au saa moja na nusu. Maziwa hayatoi gesi hii kwenye damu. Maji ya limau hayaitoi. Mtu aliyezimia akinyweshwa maziwa anaweza kupaliwa, yakaingia kwenye mapafu, tukawa na matatizo mawili.

Haya, tuje kwenye kifaa chetu. Kinaitambuaje gesi isiyonuka?

Hapo zamani waliochimba makaa ya mawe Uingereza walikuwa na njia yao. Mwanasayansi John Scott Haldane alipendekeza katika miaka ya 1890 kwamba wachimbaji waingie na ndege mdogo aitwaye kanari. Ndege huyo hupumua haraka sana, kwa hivyo gesi ilipokuwepo alianguka kabla ya binadamu, na wachimbaji wakajua watoke. Ndege hao waliendelea kutumika hadi mwaka 1986, wakati vifaa vya kielektroniki vilipochukua nafasi yao. Kengele ya ukutani ndiyo kanari wetu wa leo, ila haifi.

Ndani ya kengele nzuri mna kitu kama betri ndogo sana. Hewa ya chumbani huingia kwa kijitundu chembamba, inapita kwenye utando, na kufika kwenye bamba dogo lililopakwa madini ya platini na kulowa asidi. Kaboni monoksaidi ikigusa platini hiyo, huungana na maji yaliyomo na kugeuka kuwa kaboni dioksaidi. Katika kugeuka huko, hutoa chembechembe za umeme. Chembe hizo hupita kwenye waya kwenda upande wa pili wa kibetri, ambako hukutana na oksijeni na kufanyika maji tena. Umeme unaopita hapo ni mdogo mno, hauwezi kuwasha hata taa ya tochi, lakini unalingana na gesi iliyoko: gesi ikiongezeka mara mbili, umeme nao unaongezeka mara mbili. Kifaa kinapima umeme huo na kujua chumba kina gesi kiasi gani. Kwa hivyo mtu akikuambia kifaa hiki “kinanusa,” mwambie hakinusi, kinaichoma gesi kidogo kidogo bila moto na kuhesabu umeme unaotoka.

Jambo lililonifurahisha nilipojifunza haya ni kwamba mbele ya kijitundu kile mara nyingi huwekwa kichujio cha makaa yaliyotayarishwa kwa njia maalum, ili kuzuia mvuke wa manukato, spiriti na rangi ya ukuta usimchanganye mlinzi wetu. Makaa yanamlinda anayetulinda na makaa.

Kuna aina ya pili. Hiyo hutumia unga wa oksidi ya bati uliopashwa moto mkali ndani ya kifaa. Kukiwa na hewa safi, oksijeni hung’ang’ania juu ya unga huo na kuuzuia umeme kupita. Gesi ya sumu ikija, inainyakua ile oksijeni, na umeme unapita kwa urahisi. Mjapani Naoyoshi Taguchi ndiye aliyebuni kitambuzi cha namna hiyo, mwaka 1962, kwa ajili ya kugundua gesi ya kupikia inayovuja majumbani. Ni imara na ni rahisi kutengeneza. Udhaifu wake ni kwamba hakichagui sana: pombe, dawa ya kupulizia nywele, hata mvuke wa mapishi unaweza kukishtua. Tena kwa sababu lazima kipashwe moto wakati wote, kinakula stima, na stima yetu mnaijua.

Aina ya tatu ni kadi tu yenye doa la rangi. Doa hilo lina chumvi ya madini ya paladi, na gesi ikiwepo hugeuka kuwa jeusi. Ni rahisi kuliko zote. Lakini niulize: saa nane usiku, taa imezimwa, umelala, nani ataitazama kadi? Kwa nyumba ya kulala watoto, mimi siipendekezi. Kinachohitajika usiku ni kelele.

Hata hivyo rangi inayobadilika imefanya kazi kubwa mikononi mwa watafiti. Huko Guatemala, katika milima ambako akina mama hupika kwa kuni ndani ya nyumba, utafiti ulioongozwa na Kirk Smith uliwavalisha watoto wachanga vijimrija vidogo vya kioo vyenye kemikali inayobadilika rangi ikikutana na kaboni monoksaidi. Urefu wa rangi ulionyesha mtoto amevuta gesi kiasi gani tangu kuvalishwa. Nyumba zingine zilipewa jiko lenye bomba la kutoa moshi nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: gesi waliyovuta watoto wa nyumba zenye bomba ilipungua kama nusu, na nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja. Hapa kwetu pia, Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi ndani ya nyumba za Laikipia, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi zaidi ndivyo anavyougua zaidi magonjwa ya kifua. Kwa hivyo vifaa hivi havikuletwa kwetu kututisha. Vimetusaidia kujua jiko gani linaokoa mtoto na lipi linapamba jikoni tu.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kengele ya ukutani hailii mara tu gesi inapoingia. Imepangwa kufuata kiasi na muda, kwa sababu kinachoua ni vyote viwili. Kwa kanuni za Marekani, gesi ikiwa sehemu 70 katika kila sehemu milioni za hewa, kengele inatakiwa ilie baada ya saa moja na kabla ya saa nne kwisha. Ikiwa sehemu 150, ilie kati ya dakika 10 na 50. Ikiwa 400, kati ya dakika 4 na 15. Kanuni za Ulaya ni kali zaidi kidogo: kwenye sehemu 50 inalia kati ya dakika 60 na 90, na kwenye sehemu 300 ni lazima ilie ndani ya dakika tatu. Kwa hivyo ukiwasha jiko na kengele ikakaa kimya dakika ishirini, usiseme imeharibika, na usiseme hewa ni safi pia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilisema wastani wa gesi hii kwa siku nzima usizidi miligramu 4 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Hiyo ni kama sehemu tatu na nusu katika milioni. Linganisha na 50 au 70. Kengele imetengenezwa ili usife usiku wa leo. Haikutengenezwa kukuambia kwamba hewa inayomfaa mtoto akue vizuri ipo. Nyumba inaweza kuwa na gesi kidogo kila siku, mtu akaumwa kichwa kila jioni, na kengele isiseme neno.

Pia kengele hii haihesabu moshi. Moshi una vumbi laini sana linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na vumbi hilo hupimwa kwa kifaa cha aina nyingine kinachotumia mwanga. Vipo vidude vya mezani vyenye namba za rangi rangi vinavyouzwa kama vya kupima hewa; vingi hupima vumbi hilo na havijui lolote kuhusu kaboni monoksaidi. Uliza kabla ya kulipa. Na usisahau kwamba huo moshi wa kila siku ndio mkubwa kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wasiofikisha miaka mitano.

Mama mmoja aliuliza kama kengele hii itamsaidia gesi ya mtungi ikivuja. Hapana, hiyo ni kengele nyingine. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, lakini viwandani huongezewa kemikali inayonuka kama kabichi lililooza ili uitambue ikivuja. Pua yako ndiyo kitambuzi cha kwanza. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa sakafuni kama maji, kwa hivyo kengele yake hufungwa chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Ukiinusa, usiwashe stima wala usiizime, usiwashe kiberiti. Funga mtungi kama unaweza kuufikia kwa usalama, fungua mlango, toa watoto nje. Kaboni monoksaidi uzito wake unakaribiana na wa hewa na huchanganyika chumba kizima, kwa hivyo kengele yake huwekwa ukutani kwenye usawa wa kichwa cha mtu anayepumua, karibu na mahali mnapolala. Isiwe nyuma ya pazia, isiwe dirishani ambako upepo unaidanganya, wala juu ya sufuria ambako mvuke na mafuta vitaiziba. Na kengele ya moto, ile ya dari ya hoteli, hutambua moshi. Isipokuwa imeandikwa wazi kwamba inafanya yote mawili, haitambui gesi hii.

Ukienda kununua, geuza kifaa uangalie mgongoni. Kinatakiwa kiwe kimeandikwa EN 50291 au UL 2034. Hizo ni namba za kanuni nilizozitaja. Kisichokuwa na alama yoyote, hata kama muuzaji ni binamu yako, kiache. Angalia pia mwaka wa kwisha kazi. Kile kibetri cha ndani huchakaa hata kama hakijawahi kukutana na gesi. Vingi hudumu miaka mitano hadi saba, vingine kumi. Cha mtumba kilichotoka ng’ambo kinaweza kuwa kilikufa zamani. Tena ile batani ya kujaribu, ukiibonyeza ikalia, inathibitisha kwamba betri na spika ni nzima. Haithibitishi kwamba kitambuzi chenyewe bado kinaiona gesi. Ndiyo maana tarehe ni muhimu kuliko mlio.

Najua swali linalofuata. Sista, mimi nafua nguo za watu, kodi inanisubiri, nitapata wapi pesa za kifaa? Nakuelewa, na sitakudanganya kwamba ni bei ya sukari. Kama una chama, mnaweza kuweka mzunguko wa kununuliana, mkianza na mwenye mtoto mchanga na mwenye mimba. Kama una nyumba za kupangisha na mpangaji wako anapikia chumba anacholala, hilo linakuhusu wewe pia. Lakini asiyekuwa na kifaa hajaachwa bila kinga. Kinga kubwa kuliko kengele yoyote haina bei: jiko lisilale chumba kimoja na mtu. Likoke nje, pika karibu na mlango ulio wazi, na kabla ya kulala litoe nje kabisa, hata kama linaonekana limezimika. Usilifunike majivu na kuliacha chini ya kitanda. Baridi ya mtoto tutaipiga kwa njia nyingine: kofia, soksi, blanketi, na mtoto mchanga abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, ambayo ndiyo hita nzuri kuliko zote. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa kwa kitambaa inaweza kupasha kitanda kabla mtoto hajalazwa, kisha uitoe.

Na kama unacho kifaa, kisikupe kiburi. Nimeona nyumba ambako kengele ilikuwa ikilia kila jioni kwa sababu jiko liko ndani kila jioni, mpaka baba watoto akatoa betri kwa sababu inamkatiza taarifa ya habari. Kengele ilikuwa inasema kweli.

Ikilia, fanya hivi. Usianze kutafuta ni wapi, usianze kubishana. Toa watu wote nje, wadogo kwanza na wagonjwa, uache mlango wazi nyuma yako. Ukiwa nje, hesabu watu. Kama kuna aliyebaki ndani na amezimia, vuta pumzi ya nje, fungua kila kilicho karibu, mvute atoke haraka, usikae humo kumpepea. Wengi wamekufa wakiingia kuokoa wenzao. Piga simu 999 au 112, au tafuta gari la jirani. Hata kama mnajisikia nafuu baada ya kupunga hewa, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa mjamzito, mtoto mchanga, na yeyote aliyezimia hata kwa dakika moja. Wengine hurudiwa na matatizo ya kusahau au kuchanganyikiwa siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye, kwa hivyo ukimwona mtu aliyewahi kupata sumu hii amebadilika tabia, mrudishe akaangaliwe. Jiko mtoe nje mkirudi, chumba kiwe kimekaa wazi kwanza.

Wakati wetu umekwisha. Mwenye swali kuhusu jiko lake au kifaa alichonunua aje nacho kituoni siku ya kliniki ya watoto, tukigeuze tuangalie mgongoni pamoja. Juma lijalo tutazungumza juu ya mtoto anayepumua haraka: jinsi ya kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja, na wakati wa kumkimbiza hospitali. Uwe na saa yenye mshale wa sekunde, au simu. Kwaherini.